Simu ya Tatu

Siku ya pili ya Krismasi, siku ya bei kushushwa, Winnipeg nzima, kule Kanada, ilikuwa dukani. Watu walipanga foleni tangu kabla ya mapambazuko, pumzi zikiwatoka kama moshi, na milango ilipofunguliwa waliingia kwa viwiko. Odile Chartrand hakwenda kugombea televisheni. Alitaka kisanduku kimoja tu cha ruta, kile kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani, na alipoifikia rafu kilikuwa kimebaki kimoja. Alikishika upande wa kushoto. Upande wa kulia kilikuwa kimeshikwa na mkono wa mwanaume, mkono mkubwa uliopasukapasuka kwa baridi.

"Nimekishika kwanza," Odile akasema.

"Umeshika pembe. Mimi nimeshika tumbo."

Muuzaji, binti aliyeonekana kachoka hata kabla ya saa tatu asubuhi, aliwaambia hana muda wa kuamua kesi. Mmoja achukue, mwingine aandike anwani, ataletewa kingine Januari. Mwenye mkono, jina lake Orest Hrynkiw, akaachia. Odile hakutaka kuachiwa kama anayeonewa huruma, akasema ataandika yeye. Akainama mezani, kofia yake nyekundu ya sufu ikimshukia machoni, huku akitamka anachoandika: mtaa wa Aikins, namba mia mbili kumi na saba, juu.

Orest akakitazama kile alichokiandika.

"Juu," akasema polepole. "Mimi ni chini."

Odile akamtazama upya. Wiki tatu tangu ahamie pale, mtu wa chini alimjua kwa masikio tu. Mtu huyo alikuwa akitoka gizani na kurudi gizani, kama watu wote wa mji ule wakati wa baridi, na hawakuwahi kupishana mlangoni.

"Wewe ndiye unayekohoa mara mbili kabla ya kufungua bomba."

"Na wewe ndiye unayeburuta kiti kila ukiinuka. Nilidhani huko juu wamempangishia ng'ombe."

"Ng'ombe mwenyewe anataka intaneti," Odile akasema, na binti muuzaji akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akawauliza kwa nini watu wa nyumba moja wanunue ruta mbili.

Wakarudi nyumbani kwa gari la Orest, kisanduku kimekaa katikati yao kama mtoto.

Nyumba ilikuwa ya mbao, ya zamani, na mwenyewe alikuwa mzee anayekimbilia joto la Arizona kila baridi. Laini ya simu iliingia mahali pamoja tu, ukutani kwa Orest, na intaneti ilipita ndani ya laini hiyohiyo ya simu, ile waliyoiita DSL. Ruta wakaiweka katikati ya ngazi, kidato cha saba, ili isiwe ya juu wala ya chini. Taa zake nne za kijani zikawaka. Ilipotaka jina, Odile akaiita Ngazi.

Kampuni ya simu ilikuwa imempa Orest vidude vitatu vyeupe, kila kimoja kama kidole gumba. Akamweleza Odile kwamba kila simu ya nyumbani lazima ivalishwe kimoja, maana simu isiyovaa ikipigiwa tu inaikaba intaneti. Vinaitwa machujio.

"Kama chujio la chai?"

"Kama la chai. Sauti inapita huku, intaneti inapita kule, hakuna anayemeza majani."

Alivalisha simu ya jikoni, akavalisha ya chumbani kwake. Cha tatu alikigeuzageuza kiganjani, akakirudisha kwenye kisanduku, kisanduku akakiacha pale kwenye ngazi. Odile aliuliza hicho ni cha nani.

"Cha akiba," Orest akajibu, akakohoa mara mbili.

*

Ukikaa ngazi moja na mtu, unamzoea. Odile alifanya kazi nyumbani: alivaa spika za masikioni, akasikiliza madaktari wanavyosema habari za wagonjwa, akaziandika, akazituma hospitali kwa intaneti kuanzia saa tisa mchana hadi saa mbili usiku. Orest alitengeneza barafu katika ukumbi wa mchezo wa mawe, ule wa kutelezesha jiwe zito juu ya barafu. Alijua kunyunyizia maji mpaka barafu ipate vipele vidogo sawasawa, jiwe likipita liimbe. Mkubwa wake alimlalamikia jambo moja tu: hata siku ya mashindano, ikifika saa kumi na moja jioni Orest huvaa koti akaenda nyumbani.

Mwanzoni waliandikiana kwa kompyuta, mmoja juu, mmoja chini, mbao tu katikati. Orest alimwita Bibi wa Juu. Odile alimwita Bwana wa Chini. Bibi wa Juu aliuliza kama huko chini kuna chumvi. Bwana wa Chini alijibu kuna chumvi na kuna piroge, viandazi vya kuchemsha vya viazi, zinapoa. Odile alishuka na sufuria ya supu ya njegere kama ya mama yake kule ziwani alikokulia, wakakaa kidato cha saba, ruta ikiwapepesa, wakala kwa vijiko vya mmoja na bakuli za mwingine.

Katikati ya Januari, siku iliyokuwa ya baridi mpaka magari yanalala yamechomekwa waya wa umeme ili injini zisigande, Orest alimfungia kifungo cha juu cha koti pale mlangoni. Mikono yake ilinukia sabuni na barafu. Akachelewa kuiondoa.

"Kifungo kimeshafungwa," Odile akasema.

"Najua. Nakikagua."

Akakikagua kwa muda, halafu akambusu. Tangu siku hiyo walizoeana kama watu waliochelewa kukutana. Ila Odile, ambaye alikuwa mtu wa kutazama, aliona mambo mawili. Kwanza, katika nyumba ya Orest mlikuwa na mlango mmoja mwishoni mwa ujia uliofungwa siku zote. Pili, simu zake zote alikuwa amezinyamazisha kengele. Alimwuliza ya nini simu isiyolia. Orest alisema laini ni ya intaneti tu. Anayemtaka atampigia ya mkononi. Habari ya mlango hakuuliza. Alisubiri aambiwe.

*

Intaneti ilikuwa inakatika.

Si ovyo. Ilikatika saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, ikakaa dakika tatu, nne, ikarudi. Kila siku. Odile alikuwa akituma faili, taa mbili kati ya zile nne zinazimika, na faili linapotea njiani. Alibadilisha waya. Aliisogeza ruta kidato cha sita, akairudisha. Aliandika katika daftari wiki mbili mfululizo, na kila mstari ulisema saa ileile. Alianza kuogopa. Hitilafu ya mashine haitazami saa.

Hospitali nayo ikaandika barua pepe. Mwandishi mwenye laini mbovu hawamtaki. Mpaka mwisho wa Februari awe amepata laini nzima au kazi apewe mwingine. Odile alimsomea Orest barua ile pale kwenye ngazi, neno kwa neno. Akamwambia hana kazi nyingine na hana ujanja: laini isipopona atahama. Na akihama hatakuwapo wa kushuka na sufuria.

Orest alisikiliza mpaka mwisho. Alisema watamwita fundi.

Fundi wa simu alikuja Alhamisi mchana, mtu mnene mwenye ndevu zilizoshika barafu. Alichomeka kipimo chake ukutani, akauliza kuna simu ngapi humu.

"Mbili," Orest akasema.

Fundi akaangalia kipimo, akakigonga, akaangalia tena. "Kaka, laini yako inabeba tatu."

"Ni mbili."

"Mimi si mgeni wa waya. Hapa kuna simu ya tatu, na haijavaa chujio. Hiyo ndiyo inayomkaba dada huyu wa juu."

Orest akarudia kwamba ni mbili, kwa sauti ya mtu anayeomba. Fundi akamtazama Odile, akamtazama Orest, akakunja waya zake. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni alimwambia Odile kwa upole: simu haijifichi yenyewe.

Jioni hiyo Odile hakuvaa spika za masikioni. Hewa ya moto katika nyumba ile ilipanda kutoka chini kwa matundu ya sakafuni, yenye kifuniko cha chuma. Ikakaribia saa ile. Akapiga magoti, akalaza shavu kwenye chuma chenye joto. Kupitia mlango aliouacha wazi, akaona taa za ruta zikizima. Kimya kidogo. Kisha kule chini, ndani kabisa, mwanamke akaongea.

Hakushika maneno yote. Alishika jina la Orest. Na alisikia mwanamke huyo akicheka, cheko fupi la mtu aliye kwake. Kikafuata kilio kidogo cha mashine, na sauti nyingine dhaifu, kisha hakuna. Taa zikawaka.

Alisikiliza siku tatu. Siku tatu mwanamke yule alimtaja Orest, akacheka. Siku ya tatu Odile alishuka bila viatu, akamkuta Orest amesimama kwenye ujia, mgongo umeegemea ule mlango.

"Nani yuko humo?"

"Hakuna mtu."

"Nimemsikia, Orest. Anakutaja jina halafu anacheka. Kila siku unawahi nyumbani kwa ajili yake. Mimi nafukuzwa kazi ili wewe uongee na mwanamke?"

Orest alijibana zaidi mlangoni. Mkono wake ulikuwa umeshika kitasa, si kufungua, kukizuia.

"Hakuna mtu, Odile," akasema.

Hakumwita Bibi wa Juu. Hilo ndilo lililomchoma. Alipanda, akakusanya nguo mbili tatu na kompyuta, akaenda kwa dada yake Ginette ng'ambo ya mto.

*

Ginette alimpa kitanda na maneno. Alisema alijua tu, mwanaume anayenyamazisha simu ana la kuficha, na kwamba wanaume wa barafu ni baridi mpaka ndani. Usiku Odile alilala akisikia lile cheko. Mchana aliandika habari za wagonjwa, na kila madaktari waliponyamaza kidogo alilisikia tena. Kitu fulani ndani yake hakikutulia. Cheko la mtu halifanani kila siku. Lile lilikuwa lilelile.

Siku ya nne, saa kumi na moja jioni, alipiga simu ya mkononi ya Orest ili amwambie atakuja kuchukua vilivyobaki. Ilikuwa imezimwa. Katika daftari lake, ule ukurasa wa saa, fundi alikuwa amemwandikia namba ya laini ya nyumba. Akaipiga.

Ikaita mara nne. Ikapokelewa.

"Hapa ni kwa Orest na Darka," mwanamke akasema. "Hatupo, au tupo lakini Orest kaikalia simu." Akacheka. "Acha ujumbe."

Kikalia kile kilio kidogo cha mashine. Odile akakata. Akapiga tena. Hapa ni kwa Orest na Darka. Hatupo, au tupo lakini Orest kaikalia simu. Cheko mahali palepale, urefu uleule, na nyuma yake, mbali, mlango wa jokofu unafungwa, vilevile kama mara ya kwanza.

Hakuwa mtu. Ilikuwa mashine ya kupokea simu, yenye sauti iliyorekodiwa.

"Orest," akasema kwenye mashine. "Ni mimi."

Orest siku hiyo hakwenda kazini. Alikuwa ameketi kidato cha saba, pale walipokuwa wakila. Aliona taa zikizimika saa kumi na moja, saa isiyo yake. Alisikia sauti ya mkewe ikiongea na asiyejulikana, ikanyamaza. Taa ziliporudi, zikazima tena, na baada ya cheko, ndani ya chumba kile kile, alisikia sauti ya Odile ikimwita. Kwa muda hakujua nani yu hai. Alikimbilia simu ya jikoni, akainua, akasema halo, halo, na Odile alikuwa amekwisha kukata. Alikuwa tayari anavaa kofia.

*

Odile alipopanda baraza la nyumba ilikuwa karibu saa kumi na mbili. Orest hakuwa amefunga mlango. Alikuwa ameketi sakafuni kwenye ujia, na Odile akaketi karibu naye, koti na theluji yake.

"Nieleze habari za Darka," akamwambia.

Alimweleza. Alikuwa mke wake miaka tisa. Miaka miwili iliyopita, Februari, alianguka kituo cha basi na mfuko wa vitunguu mkononi, mshipa umepasuka kichwani, na kabla gari la wagonjwa halijafika alikuwa amekwenda. Kile chumba kilikuwa cha cherehani yake. Simu ilikuwa humo, na mashine ilikuwa na sauti yake, na hapakuwa na sauti yake pengine popote. Mama yake Darka, Mama Paranka, yuko nyumba ya wazee kule mjini Dauphin, na kumbukumbu imemtoka. Kila jioni akishakula, muuguzi humpigia namba ya binti yake. Walimwambia mara tatu kwamba Darka amekufa. Mara zote tatu alilia kama ndiyo kwanza anaambiwa. Orest akawaomba wasimwambie tena. Basi mama hupiga, humsikia mwanawe akicheka, husema anayotaka kusema, hulala na amani. Orest husimama nje ya mlango mpaka wamalize. Jumapili huingia, hubonyeza kitufe kimoja tu cha kufuta ujumbe wa mama ili nafasi isijae, hutoka.

"Na chujio?" Odile akauliza.

"Mashine ile ukiing'oa waya inasahau kila kitu. Iko hivyo, imeandikwa kwenye karatasi yake. Nikiivalisha lazima niing'oe. Nilikuwa nachagua, Odile. Nikiigusa nampoteza yeye mara ya pili, na mama anaanza kulia upya. Nisipoigusa nakupoteza wewe. Kila siku nilisema kesho."

Odile akainuka, akaenda kwenye ngazi, akarudi na kidude cheupe kilichokuwa kwenye kisanduku tangu Desemba.

"Ina waya ngapi?"

"Waya ngapi nini?"

"Mashine yako. Ina waya ngapi?"

Orest alifikiri. "Mbili."

"Mmoja wa umeme, mmoja wa simu. Inasahau ukikata umeme. Chujio linavaa waya wa simu tu, umeme hauguswi. Bwana wa Chini, umekaa miezi miwili unaomboleza waya ambao hakuna aliyetaka kuugusa?"

Orest alimtazama. Kitu kama kicheko kilimjia, kikageuka njiani, akafunika uso kwa ile mikono yake mikubwa. Odile alimngojea. Alikuwa na subira. Kisha akamwambia hatafungua ule mlango yeye, si wake.

Orest aliufungua.

Chumba kilikuwa na baridi na harufu ya kitambaa kilichokaa. Gauni la bluu lisilo na mikono lilikuwa bado chini ya sindano ya cherehani. Mashine ilikuwa dirishani na kitaa chekundu. Odile alipiga magoti, akafuata waya wa simu kwa vidole mpaka ukutani, akauchomoa. Orest alishika pumzi. Kitaa hakikuzima. Odile akachomeka chujio, akachomeka waya kwenye chujio. Kazi yote ilikuwa fupi kuliko kufunga kifungo cha koti.

Wakakaa sakafuni, mlango wazi, wanaiona ngazi. Saa kumi na mbili na dakika kumi kitaa kikaanza kupepesa. Kule kwenye kidato cha saba taa za kijani zilibaki zote nne.

"Ngoja," Odile akasema. Aliweka mkono juu ya simu, asiinue. "Nataka nimsikie mama. Lakini ukisema hapana, basi."

Orest alihesabu mpepeso wa pili, wa tatu. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Odile akainua.

"Darka?" sauti dhaifu ikasema, kwa mshangao, maana siku zote ilikuwa ikingoja cheko. "Darka, mwanangu, ni wewe?"

Odile alimtazama Orest. Alilitazama gauni lisilo na mikono.

"Hapana, mama. Mimi ni Odile. Nakaa naye nyumba moja."

Ndani ya simu vilisikika vyombo vya chakula vya nyumba ya wazee vikikusanywa.

"Vizuri," Mama Paranka akasema. "Nilikuwa naogopa yuko peke yake. Amekula?"

"Hata sisi hatujala. Orest anatupikia."

"Huyo hajui kupika. Mwambie Darka avae kofia, nje kuna baridi."

Odile alikuwa bado ana ile kofia nyekundu, theluji imeyeyuka na kumlowesha nyusi. Orest, aliyeisikia sauti ile, alinyoosha mkono, akaivuta polepole mpaka ikamfunika masikio.

"Amevaa, mama," Odile akasema.